Mwalimu wa Habari na Tangazo Lililokawia

Huku kwetu Rumonge mtu hafi mpaka redio iseme. Anaweza kukata roho asubuhi, akaoshwa, akavishwa, majirani wakaanza kubeba mabenchi, lakini bado kuna mjomba aliyeko Muhuta, dada aliyeolewa Kizuka, binamu wanaovua Gitaza, na kwa hao wote yeye ni mzima, anakunywa chai yake, mpaka saa ya matangazo ifike. Ndipo sauti inasoma kwamba familia ya fulani inasikitika kuwajulisha ndugu na marafiki, majina ya vilima na mitaa yanafuatana, na mwisho, atakayesikia amwambie asiyesikia. Tunaiita komunike. Nimewaona watu waliokaa karibu na maiti bila chozi, wakavunjika waliposikia jina lile likitoka katika redio ya jirani.

Mtu ninayetaka kumwandika alifundisha vijana kusoma komunike. Alifundisha na mengine, kwa sababu lise yetu ilikuwa imefunguliwa seksyo ya habari, mchepuo mpya, kwa madarasa ya mwisho ya sekondari, na mwalimu wake alikuwa yeye peke yake, kuanzia historia ya magazeti hadi namna ya kushika mikro, yaani kipaza sauti. Wanafunzi walimwita Prof. Mji mzima ulimwita Mwalimu wa habari. Mimi nilikuwa jirani yake, na kwa miaka mingi mwenzake kazini, nikifundisha Kifaransa darasa la ng'ambo ya ukuta, mpaka nilipoacha shule nikaenda kuandika makala katika gazeti ambalo wasomaji wake waaminifu ni wauza sambusa, wanaolitumia kufungia.

Asili yake sitaisimulia. Wengine walisema ni mtu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, wengine wakaapa kuwa wanamjua mama yake kule Gitaza. Yeye akiulizwa alisema kwamba msomaji anayeanza kwa kueleza alikozaliwa anajaza muda tu kwa sababu habari yenyewe hana.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti moja la kijivu ambalo joto la ziwani halikuwahi kulivua. Sauti yake ilikuwa mali yake yote, na alijua. Asubuhi alishuka ufukweni kuosha uso, akasafisha koo, akawasalimu wavuvi waliokuwa wakipakua ndagala, dagaa wa ziwa letu, "Amahoro!", kwa namna ambayo hata wale waliokuwa mbali na nyavu zao waligeuka. Wavuvi walimtania. "Prof, leo tutapata mvua?" "Mimi si wa hali ya hewa," alijibu. "Mimi ni wa vifo na mikutano."

Wazazi hawakuielewa seksyo yake. Mama mmoja muuza mawese alimfuata hadi uwanjani siku ya kuandikisha, mimi nikiwa nimesimama pale na rundo langu la madaftari.

"Prof, banasema mutoto yangu atasoma kusema. Kusema? Alishajua kusema kabla ya kutembea! Mumufundishe kunyamaza."

"Mama, njo hiyo tunafundisha," akamjibu. "Mwaka wa kwanza tunafundisha kunyamaza. Kusema kunakuja mwaka wa mwisho."

Mama yule alicheka mpaka akaweka kidumu chake chini, na mtoto akaandikishwa.

Programu ya masomo ilitoka Bujumbura na ilikuwa kitabu kizuri. Ilizungumzia kamera, taa za studio na meza za kuchanganyia sauti. Sisi tulikuwa na kinasa sauti kimoja, na betri zake zilianikwa juani kwenye dirisha ili zipate nguvu ya somo moja zaidi. Studio ilikuwa chumba kilichowahi kuwa ghala la mawese. Mwalimu alizifunika kuta kwa magodoro mabovu, na kila mwanafunzi aliyeegemea alitoka na mgongo wa rangi ya chungwa, kwa hiyo mjini ulimtambua mwanahabari wa kesho kwa shati lake.

Somo la kuhariri sauti alilifundisha kwa kamba ya nguo. Alikata mifuko ya saruji vipande virefu, akaandika sentensi moja kwa kila kipande, akavitundika kwa vibanio, halafu akawaambia vijana wavipange, wavipunguze, waondoe kisichohitajika. Nikiwa upande wa pili wa ukuta, katikati ya vitenzi vyangu, nilisikia akiuliza, "Hiki kipande kikianguka, nani atalia?" Kisha, "Hakuna? Basi kiangushe."

Mafunzo ya nje yalifanyika kwenye vichanja vya kukaushia ndagala. Kila mwanafunzi alitumwa kuuliza bei kwa akina mama watatu. Wale akina mama walishawazoea. "Fungeni midomo, batoto ba Prof bamefika!" mmoja angepiga kelele, na hapo ungeanza mchezo wao, wa kumpa kila mtoto bei yake tofauti, ya juu, ya chini, ya kuchekesha. Vijana walirudi wamechanganyikiwa. Mwalimu alifurahi kuliko siku zote.

"Vizuri sana. Sasa andikeni kwamba hamjui."

Neno alilolichukia zaidi lilikuwa "inasemekana." Aliyelitamka alifagia uwanja. "Inasemekana na nani? Huyo Inasemekana ana nyumba? Ana mke? Tukimtafuta tutamkuta wapi?" Na kwa komunike za vifo alikuwa na sheria isiyo na msamaha: mwanafunzi hasomi jina la marehemu redioni kabla hajaenda kwa miguu hadi kwenye nyumba yenyewe, akakaa, akatoa heshima, akamsikia mtu wa nyumba akisema kwa mdomo wake. Redio ndogo ya mjini ilimkubalia vijana wake wasome matangazo mchana, na haikupokea karatasi ya kifo ambayo yeye hajaikubali. Nimemwona akimrudisha kijana kutoka mlangoni mwa studio, kwenye joto kali, aende tena hadi Kizuka kwa sababu aliongea na jirani tu. Watu walipoanza kutuma picha za maiti katika vikundi vya simu kabla damu haijakauka, sheria hiyo ilionekana ya kizee. Msichana mmoja wa darasa lake alijua kifo cha shangazi yake kwa picha iliyopita chini ya dawati kutoka simu hadi simu. Baada ya siku hiyo hakuna aliyeicheka sheria tena.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka. Alihubiri dhidi ya umbea, na kinyozi wake alikuwa chanzo chake cha kwanza cha habari zote za mji. Alidai hana simu. Alikuwa nayo, imefungwa katika leso, na aliisoma akiwa amejibanza nyuma ya choo cha walimu, akiamini hatumwoni. Umri wake ulibadilika kila fomu. Aliwafundisha vijana kusoma bila kutetemeka sauti, lakini bibi harusi alipoingia kanisani, awe wa nani, yeye alitokwa machozi na kulaumu vumbi.

Mimi alinionea. Kila makala yangu ilipotoka aliisoma kwenye kibaraza akiwa na kalamu, halafu akaniita juu ya ua.

"Msomi! Umeandika hapa, 'ziwa lenye huzuni.' Uliliuliza?"

Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, na jioni ile nilikwenda kulitazama ziwa upya.

Sheria yake ya kwenda kwa miguu ilikuwa na mzazi, na mzazi huyo alikuwa mvuvi mmoja wa Gitaza anayeitwa na watu wote Marehemu. Zamani, seksyo ikiwa mpya, upepo ulichukua mtumbwi wake. Siku chache zikapita bila dalili. Kijana wa seksyo akaletewa karatasi na mtu wa sokoni, akaisoma redioni kwa sauti safi sana, bila kwenda popote. Ukoo ukakusanyika. Mbuzi akachinjwa, pombe ya ndizi ikaletwa, kaka zake wakagawana nyavu. Katikati ya chakula, marehemu mwenyewe akatokea barabarani, amevaa kaptura ya kuazima, kwa sababu upepo ulikuwa umemtupa upande wa Kongo na watu wa huko walimtunza mpaka ziwa lilipotulia. Watu walikimbia. Yeye, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, alikaa penye nafasi tupu akaomba sahani.

Nyavu nyingine hazikurudi mpaka leo. Jina la Marehemu halikumwacha. Mwalimu alisafiri hadi Gitaza kumwomba radhi, na tangu hapo, kila mwaka, alimwalika darasani. Mzee huyo alikaa mbele, kofia mapajani, na Mwalimu akawaambia wanafunzi wa mwaka wa mwisho, "Huyu ni Marehemu. Tulimuua sisi. Mwulizeni mnachotaka." Lilikuwa somo lililopendwa kuliko yote. Nilijialika kila mwaka ili nicheke.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka, kama tunavyofanya sisi watu wa makala.

Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na alimwingiza katika seksyo yake. Kijana alikuwa na sauti ya baba bila majivuno ya baba. Alisoma komunike kana kwamba anawajua wote waliotajwa. Alipomaliza shule alikwenda Bujumbura kubisha milango ya redio. Walimpokea vizuri, wakampa mikro, mshahara wakamwambia asubiri. Alisubiri mpaka viatu vikaisha, akarudi Rumonge. Akaoa. Mtoto wa kike, Neema, akazaliwa. Na kwa kuwa mtoto halishwi kwa sauti nzuri, kijana akaingia kwenye apollo, ile mitumbwi iliyofungwa pamoja, yenye taa za kuwaita ndagala.

Mara moja tu, tukitazama mitumbwi ikiondoka jioni, nilimsikia Mwalimu akisema, bila kunigeukia, "Nilimfundisha kazi ambayo haiko."

Upepo uliwakuta wakiwa watatu. Apollo ilionekana imepinduka upande wa Muhuta, na wavuvi wa Gitaza walitoa maiti za wenzake wawili majini. Wa tatu hawakumwona. Mwalimu alisahihisha kwa mkono wake komunike za wale wawili na kwenda kwenye misiba yao yote miwili. Kisha akaanza kutembea. Alifuata pwani hadi Gitaza, akiuliza kila mwalo. Akavuka upande wa Kongo na akauliza huko pia, amevaa lile koti. Aliporudi alikuwa na ndevu nyeupe na jibu moja.

"Hakuna aliyemuona. Basi bado hatujui."

Mchungaji alikuja. Kaka za Mwalimu walikuja. Walitaka watangaze, wakae matanga, waombee, waanze kuhesabu muda wa kuondoa msiba kama watu wengine. Mwalimu aliwakaribisha viti, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani kati yao aliyefika mahali mtoto wake alipo. Walipomwambia kwamba katika upepo ule hakuna anayetoka, aliwakumbusha Marehemu. Kila mmoja wao alikuwa amekula mbuzi yule.

Karatasi haikuandikwa. Wale wa redio wasingethubutu kusoma jina hilo bila ruhusa yake, kwa hiyo jina likakaa. Misimu ya mvua ikapita, zaidi ya mmoja, zaidi ya miwili. Ziwa lilipopanda na kula bustani zetu za chini, sisi majirani tulihamia upande wa juu wa barabara. Yeye alibaki na maji kwenye ukuta wa jiko. Nilimsihi ahame. "Akirudi," aliniambia, "atatafuta nyumba hapa." Darasani aliendelea kama kawaida, wanaonisimulia wanasema vizuri kuliko zamani, ila kila mwaka Marehemu alipokuja, Mwalimu alikaa kiti cha nyuma akimtazama usoni kama mtu anayesoma saa ya kuwasili.

Aliyelipia tumaini hilo alikuwa mkamwana wake, Mama Neema. Aliishi katika ua uleule, akimpikia baba mkwe, akianika ndagala na kuuza. Hakuwa amenyoa nywele za msiba wala hakuvaa nguo za furaha. Kulikuwa na seremala wa Kizuka, aliyefiwa na mkewe, mtu mtulivu, aliyekuwa akinunua ndagala nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Kila mtu aliona. Lakini seremala angepeleka posa kwa nani, kwa mke wa nani? Mchungaji mwenyewe alisema kwamba pasipo msiba hapana mjane.

Siku moja Mama Neema alinikuta kibarazani kwangu nikipambana na sentensi.

"Jirani, weye njo mutu wa kalamu. Yeye anakusikia. Umwambie."

"Nimwambie nini, mama?"

"Umwambie miye siko mujane, siko bibi ya mutu. Niko katikati. Si bwana ninamutafuta, usifikiri hivyo. Huyu mutoto kila jioni ananiuliza papa iko wapi. Nisemeje? Niseme anakuja? Nimesema anakuja mpaka ameanza shule."

Niliahidi. Nilijiandaa kama kwa mtihani wa chuo kikuu. Nilikwenda kwa Mwalimu na hotuba kuhusu wakati, na kumbukumbu, na namna jamii mbalimbali zinavyoaga wapendwa wao. Alinisikiliza akimenya muhogo.

"Msomi," alisema nilipomaliza, "hiyo ni makala." Akanipa kipande cha muhogo, nikala, nikaenda nyumbani.

Nilipomweleza Mama Neema, hakunilaumu. Alifunga kitenge upya. "Kama hauwezi kusema, basi unisindikize tu."

Alichagua siku ya Marehemu. Tuliingia darasani somo likiwa limeanza, tukakaa kwenye benchi la mwisho karibu na Mwalimu, ambaye alishangaa lakini akamsogezea nafasi. Mbele, mzee alikuwa akisimulia sahani yake kwa mara isiyojulikana, na vijana wakicheka pale wanapotakiwa kucheka. Msichana mmoja anayeitwa Aline, hodari wa mwaka ule, aliuliza kaka zake waligawanaje nyavu. Mwingine aliuliza kama aliona aibu. "Aibu ya nini? Miye nilikuwa na njaa," Marehemu alisema.

Mama Neema akainua mkono. Kama mwanafunzi.

"Papa, samahani. Wakati upepo ulikutupa kule ng'ambo, ilikuchukua siku ngapi kutuma neno nyumbani?"

Marehemu akageuka, akamtafuta kwa macho. Hakumjua.

"Kutuma neno? Siku ileile, mama! Hata maji sijapewa. Nilimukamata mufanya biashara mumoja kwenye muchanga, nikamwambia, ukivuka, sema kwa batu ba Gitaza niko muzima. Basi injini yake ikakufa njiani. Neno liliondoka mbele yangu, miye nikafika mbele yake."

Darasa likacheka. Mama Neema hakucheka.

"Na ungekosa mutu wa kumutuma?"

"Ningemutafuta mwingine. Na mwingine." Mzee alishaona kwamba swali hili si la mchezo, na sauti yake ikashuka. "Nilikuwa na mama nyumbani. Mutu muzima, mama, haachi kutafuta."

Mama Neema alibaki amesimama. Alimgeukia baba mkwe wake, na kwa kuwa nilikuwa karibu niliona mikono yake ikikamata kitenge.

"Papa, huyu mzee hakusoma habari. Alituma neno kabla ya kunywa maji. Mwenzangu ulimufundisha weye mwenyewe, kwenye hili darasa, kwenye hili benchi. Angekuwa muzima…" Akashindwa hapo. Kisha akamaliza, polepole, "Papa, tulikuwa tunangoja neno. Kumbe lilishafika."

Mwalimu alikuwa akitazama kamba yake ya nguo mbele ya darasa, vipande vya mifuko ya saruji vikining'inia, na uso wake haukuwa na hasira wala kitu kingine nilichoweza kukipa jina. Akasimama, akamshukuru mgeni kwa Kirundi, "Murakoze cane, mzee," akawaambia vijana wakapumzike, akatoka. Sisi tulirudi nyumbani nyuma yake, mbali kidogo, na njiani hakugeuka.

Baada ya hapo alifundisha, alikula, alijibu salamu. Jambo lile hakulitaja. Mama Neema aliendelea kumpikia, na yeye aliendelea kusema chakula ni kizuri. Nilifikiri imeshindikana.

Mchana mmoja, wiki ikiwa inaelekea mwisho, alisimama mbele ya kibaraza changu, kavaa koti, kachana ndevu.

"Twende redioni," alisema. "Sitaki kwenda peke yangu."

Nikavaa viatu. Studio ya redio iko nyuma ya duka la mshonaji, na tulimkuta Aline kwenye zamu ya matangazo. Mwalimu alimpa karatasi. Msichana aliisoma kimya, na nikaona amesoma jina. Alikuwa na umri wa kumwogopa mwalimu wake, na alimwogopa, lakini alifanya alivyofundishwa.

"Prof, nani anatangaza?"

"Mimi. Baba yake."

"Na mwenzake anakubali?"

Mwalimu akamtazama. "Hujaenda kumwuliza?"

"Nilienda asubuhi," Aline alisema. "Alituma mtoto aniite. Nimekaa naye. Alisema utakuja leo, aliona unachana ndevu."

Kwa hiyo mkamwana alijua kabla yetu sote. Mwalimu akakunja midomo, akaitikia kwa kichwa. Nilitegemea ataomba mikro. Sauti ile, maisha yote ile sauti, na mji ungeipokea kwa magoti. Akasema tu, "Usiharakishe kwenye majina ya mitaa," akatoka nje.

Hatukubaki. Alitembea na mimi nikamfuata, kupitia barabara ya soko, na matangazo yalikuwa yameshaanza. Redio ya mshonaji ilikuwa ikizungumza juu ya mkutano wa ushirika. Kwa muuza vipuri vya baiskeli, ng'ombe amepotea. Kisha, tulipofika kwenye meza za mawese, simu ya mama mmoja iliyowekwa ndani ya bakuli ili sauti ikue ilianza: familia ya… inasikitika kuwajulisha ndugu, jamaa na marafiki walioko Rumonge, Kizuka, Muhuta, Gitaza, na walioko ng'ambo ya ziwa. Aline hakuharakisha. Jina likatajwa, jina kamili, la baba ndani yake, na hapo watu wakaanza kutuona. Aliyekuwa akipima mafuta aliacha kupima. Waendesha teksi-moto walivua kofia. Duka kwa duka sauti ilitupokea na kutukabidhi kwa nyingine, na katikati ya barabara hiyo Mwalimu alitembea mikono nyuma, akisikiliza, kama anavyosikiliza kazi ya mwanafunzi, na nilitambua kwamba hakuwa na kosa la kusahihisha.

Kwenye kona, kabla ya mteremko wa kwao, tulisikia kilio. Kilikuwa kimoja, kisha vikaungana vingine. Mama Neema alikuwa akilia kwa sauti ya mtu aliyeruhusiwa. Wanawake walishaanza kuteremka na mikeka na sufuria, na wavuvi wanaume, ambao kwa misimu yote hiyo walikuwa wakipita mbali na ua ule kwa kukosa la kusema, walikuwa wakibeba mabenchi ya kanisa juu ya vichwa.

Mwalimu hakuteremka mara moja. Alikaa kwenye jiwe la ukingo wa barabara, koti likikunjamana, akanionyesha nafasi ya pembeni. Nikakaa. Mbele yetu ziwa lilikuwa tulivu, jeupe kwa jua. Kichwani nilikuwa na sentensi nyingi, zote zimeandaliwa kwa ajili ya saa hiyo kwa miaka, na baadhi, lazima niseme, zilikuwa nzuri.

"Tangu siku ile," alisema, "hakuna aliyewahi kunipa pole. Niliwafukuza kabla hawajafika nayo. Hata wewe."

"Hata mimi."

"Basi. Sasa imetangazwa."

"Pole, Mwalimu," nikasema.

Aliinamisha kichwa mpaka nikawa siuoni uso wake, nikaweka mkono kwenye lile koti, na chini yake mabega yalikuwa membamba kuliko nilivyodhani.

"Tena," alisema.

Nikamwambia tena.